Difu ya Mbele Ikivuja Mafuta: Kwa Nini Sili Mpya Peke Yake Haitoshi

Katika sehemu za Garissa, Wajir na Mandera, gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne si chombo cha anasa. Ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali, ndilo linalobeba dawa za zahanati, walimu, askari na maji ya kunywa wakati wa ukame. Barabara ya lami yatoka Nairobi hadi mji wa Garissa, mwendo wa kilometa 370 hivi. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia ya Hulugho au ya Balambala, hukutana na mchanga mwingi, mawe, na zile njia za maji ya mvua ziitwazo laga. Gari likiharibika huko, msaada waweza kuwa mbali kwa siku nzima, na jua ni kali.

Basi yafaa kila mwenye gari, kila dereva, na kila kijana ajifunzaye ufundi, alijue vizuri jambo moja ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuvuja kwa mafuta katika difu ya mbele. Tone moja kila asubuhi huonekana kuwa si kitu. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na bei ya sili moja haifanani hata kidogo na bei ya meno mapya ya difu.

KAZI YA DIFU

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, kisha katika giaboksi ndogo, ambayo huigawa kwa magurudumu ya nyuma na ya mbele. Kutoka hapo shafti ya propela huzungusha jino dogo liitwalo pinyoni, na pinyoni huzungusha gurudumu kubwa la meno lililo ndani ya difu. Katikati ya gurudumu hilo mna meno mengine madogo yanayoruhusu gurudumu moja la gari kwenda mbio kuliko jingine wakati wa kupiga kona.

Meno haya hayasukumani tu, bali husuguana kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo yanahitaji mafuta mazito ya gia yaliyotiwa dawa maalum ya kulinda chuma. Gurudumu kubwa la meno, likizunguka, huyachota mafuta chini na kuyarusha juu penye beringi za pinyoni. Mafuta yakipungua, beringi hizo ndizo zinazoanza kukauka. Hupata moto, hulegea, na meno huacha kukutana sawasawa. Hapo ndipo dereva husikia mlio kama wa mbu, kisha kama wa jiwe la kusagia, na mara nyingi huwa amekwisha kuchelewa.

MAHALI PANAPOVUJA

Usibahatishe. Kwanza osha nyumba ya difu kwa dizeli na brashi mpaka ichuma kionekane, uipanguse ikauke, kisha endesha gari kilometa chache na uchungulie tena. Upepo huyasukuma mafuta kwenda nyuma. Kwa hiyo mahali penye majimaji yaliyo juu zaidi na mbele zaidi ndipo penye asili ya uvujaji. Mafuta ya gia ni mazito na yana harufu kali kama ya kiberiti, wala hayafanani na mafuta ya breki.

Mahali pa kutazama ni hapa:

Kwanza, vizibo viwili, cha kujazia na cha kumwagia. Mara nyingi ubaya ni kikole chake kilichochoka tu, na dawa yake ni kutia kipya.

Pili, gasketi iliyo kati ya kichwa cha difu na nyumba yake. Bolti zikilegea kwa mtikiso wa njia mbaya, mafuta hupenya pembeni.

Tatu, sili ya pinyoni, mahali shafti ya propela inapoingia. Hapa ndipo penye uvujaji wa mara kwa mara, na alama yake ni mafuta yaliyorushwa kuizunguka flanji.

Nne, sili za ekseli zilizo ndani, karibu na magurudumu. Hizi hazionekani upesi, kwa maana mafuta huingia kwanza katika lile tufe la chuma linalogeuza gurudumu. Grisi iliyomo hulainika ikawa kama uji, kisha hudondoka chini ya tufe. Jambo hili ni la hatari zaidi, kwa sababu mafuta yaweza kufika kwenye breki, na gari likakataa kusimama upande mmoja.

Tano, ufa katika nyumba yenyewe, kwa sababu ya kugonga jiwe.

TUNDU LA KUPUMULIA

Juu ya ekseli pana kifuniko kidogo ambacho watu wengi hawakijui. Hilo ni tundu la kupumulia. Difu ikipata moto safarini, hewa iliyo ndani hupanuka, na yapasa itoke kwa tundu hilo. Lakini vumbi la Garissa ni jembamba kama unga, na matope ya laga yakikauka huwa kama saruji. Tundu likizibwa, hewa haina pa kutokea; basi huyasukuma mafuta nje kwa njia ya sili.

Hii ndiyo sababu ya magari mengi kurudi gereji mara tatu kwa ugonjwa ule ule. Fundi hutia sili mpya, mwenye gari hulipa, na baada ya majuma machache mafuta huvuja tena, watu wakailaumu sili. Kumbe sili haikuwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu chochote, kitoe kifuniko hicho, kioshe kwa dizeli, na upulize uone kama hewa yapita.

Tundu hilo lina ubaya wa pili. Difu yenye moto ikiingia majini ghafula, hewa ya ndani hupoa na kujikunyata, ikavuta maji kwa njia ya tundu au ya sili zilizochakaa. Wasomaji watakumbuka kwamba mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu wakavushwa kwa mashua. Gari lililopita katika maji ya namna hiyo lapasa kukaguliwa mafuta yake mara moja. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na yapasa yamwagwe yote. Ili kuzuia jambo hili, mafundi wengi huunga mpira mwembamba kwenye tundu na kuupandisha juu mpaka karibu na injini, mahali maji yasipofika. Ni kazi ya saa moja, na yafaa sana.

KUBADILI SILI YA PINYONI

Simamisha gari mahali palipo sawa, funga breki ya mkono, na utie mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Usilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hasa juu ya mchanga. Weka ubao mpana chini ya jeki, na vigingi imara vya chuma chini ya ekseli.

Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Mtu akimwaga mafuta kwanza, kisha akaona kizibo cha juu kimeshika kutu hakifunguki, amejifungia gari lake mwenyewe porini.

Yapokee mafuta katika debe safi na uyatazame. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma si kawaida; hivyo vyaonyesha kwamba meno au beringi zimeharibika, na sili mpya haitaziponya.

Tia alama kwenye shafti ya propela na flanji ili zirudi kama zilivyokuwa, kisha ifungue shafti. Sasa ishike flanji na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimelegea, na hakuna sili itakayokaa. Lipeleke gari kwa fundi mkuu. Isipocheza, endelea.

Kabla ya kulegeza nati ya katikati, tia alama kwa patasi juu ya nati, juu ya ncha ya pinyoni na juu ya flanji, kisha hesabu mizunguko wakati wa kuifungua. Nati hii si ya kukazwa kwa nguvu za mikono tu. Ndiyo inayozishika beringi kwa kipimo chake. Ikikazwa kupita kiasi, beringi hubanwa, hupata moto na kufa upesi. Ikilegea, meno hugongana. Wakati wa kurudisha, ifikishe kwenye alama ile ile, au ufuate kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Toa flanji na utazame mahali sili inaposugua. Pakiwa na mfereji unaoshika ukucha, sili mpya itavuja, na flanji yapasa ibadilishwe. Pakiwa na kutu kidogo tu, pasugue kwa msasa laini. Ing'oe sili ya zamani bila kukwaruza nyumba yake, na uilinganishe na mpya kwa namba na kwa upana. Ipake mpya mafuta mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, kisha uigonge polepole kwa kipande cha bomba cha upana ule ule, ili iingie sawasawa pande zote.

Rudisha kila kitu, funga kizibo cha chini, na ujaze mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu mpaka yafike kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Usizidishe, maana mafuta yakizidi nayo hutafuta njia ya kutokea.

Kazi ya sili za ekseli ni ndefu zaidi, kwa kuwa gurudumu, breki na habu hutolewa zote. Hiyo ni heri kumwachia fundi mwenye vifaa.

UKIPATWA NJIANI

Ikiwa mafuta yamekwisha nawe uko mbali, tazama gari lako ni la namna gani. Toyota Land Cruiser nyingi za jamii ya 70, na Land Rover nyingi za zamani zilizotiwa habu za kufungua, huweza kuiachisha difu ya mbele kazi kabisa. Zifungue habu zote mbili za mbele, rudisha giaboksi ndogo kwenye magurudumu mawili, na difu ya mbele itakaa kimya bila kuzunguka. Hapo waweza kwenda taratibu mpaka mjini, ukiepuka mchanga mzito.

Lakini gari ambalo magurudumu yake manne huendeshwa wakati wote, difu yake ya mbele haina mapumziko. Usiliendeshe kavu. Mafuta ya injini si mafuta ya difu, lakini katika dhiki ni heri kuliko ukavu, kwa mwendo wa polepole na kwa kufika tu. Nyumba ikiwa na ufa, isafishe, ikaushe, na uizibe kwa gundi ya chuma. Kwa hiyo dereva mwenye busara huchukua lita tatu za mafuta ya gia, gundi, spana ya vizibo na sili moja ya akiba.

Neno la mwisho ni juu ya mafuta machafu. Usiyamwage chini, wala karibu na kisima, lambo au ukingo wa Tana. Watu na ngamia hunywa maji yale yale. Yatie katika debe uyapeleke gereji.

Mvua za Aprili na za Oktoba hazimngoji mtu. Kabla hazijaanza, chukua nusu saa, lala chini ya gari, ulisafishe tundu la kupumulia, na upime mafuta kwa kidole. Mgonjwa anayengoja gari huko Hulugho hajui difu ni kitu gani, bali uhai wake waweza kuwa juu ya nusu saa hiyo.