Je, Wajua? Unywele Humega Wembe

Unywele wa ndevu unaweza kumega wembe wa chuma, ingawa chuma hicho ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi.

Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walilitangaza jambo hilo mwaka 2020. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alinyoa ndevu zake mwenyewe, kisha akazichunguza nyembe kwa hadubini ya elektroni. Makali hayakuwa yamelika tu. Yalikuwa na mapengo! Unywele ulipougusa wembe kwa mshazari, mahali ambapo chuma kigumu kinapakana na kilicho laini zaidi, kipande kilibanduka.

Kuchunguza makali ya kisu cha jikoni hakuhitaji mtambo mkubwa kiasi hicho. Lenzi ndogo ya sonara, inayokuza mara 10, yatosha. Kwa lenzi hiyo, mikwaruzo ya kinoo huonekana kama matuta ya shamba, na ukingoni hujitokeza utepe mwembamba wa chuma uliojikunja upande mmoja. Utepe huo hudanganya wengi: kisu hukata nyanya mbili tatu vizuri, kisha kinakuwa butu.

Makali kamili hayaakisi mwanga. Elekeza makali juu, chini ya taa. Panapong'aa ndipo palipo butu.

Wanoaji wengine hupaka makali wino wa maka, hupitisha kisu kwenye kinoo mara chache, kisha hutazama kwa lenzi. Wino uliobaki huonyesha mahali ambapo jiwe halijagusa. Ukibaki ukingoni kabisa, inua mgongo wa kisu kidogo.