Kupima Nishati ya Nyumbani (2): Kabla Fundi Hajafika

Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 humtaka mwenye kiwanda au jengo linalotumia nishati ya kufikia uniti 180,000 kwa mwaka akaguliwe kila baada ya miaka 3. Nyumba ya mkulima wa Kabazi haimo. Mkulima asipomwita fundi wa kupima nishati yeye mwenyewe, hakuna atakayeipima. Juma lililopita tulieleza faida za upimaji. Leo tushughulikie maandalizi.

Anzia jikoni, usianzie kwenye mita. Kilo 1 ya kuni kavu ina nishati ya takriban uniti 4 za stima. Familia inayochoma kilo 10 kwa siku, kupika na kuota moto baridi ya Julai inapouma, imeteketeza uniti 40. Bei nafuu kabisa ya stima majumbani huishia uniti 30 kwa mwezi mzima! Na penye mafiga matatu, sehemu kubwa ya joto hilo hupita kando ya sufuria.

Kwa hiyo, wiki nzima kabla ya ukaguzi, chukua mizani ya viazi upime kuni asubuhi, jioni upime zilizobaki, uandike. Andika pia kama zilikuwa kavu au mbichi, maana moto wa kuni mbichi huanza kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Daftari ashike anayepika. Fundi akija, azungumze naye kwanza, kabla ya baba mwenye boma.

Upande wa stima, kusanya jumbe za tokeni za mwaka mmoja. Nakili uniti badala ya shilingi, kwani tozo ya mafuta hubadilika kila mwezi. Usiku zima kila kitu, kisha tazama taa ndogo ya mita: ikiendelea kupepesa, kuna kifaa kinachokula stima.

Balbu za zamani na shawa ya stima ziache zilivyo ili fundi azione, ila ondoa magunia yanayoziba njia ya kupanda darini. Mwite fundi alfajiri, kabla jua halijapasha mabati. Apitishe kijiti chenye moshi kandokando ya madirisha na kwenye nyufa za mbao. Moshi ukiyumba, baridi inaingilia hapo.

Nyufa za chumba cha kulala zinaweza kuzibwa siku hiyo hiyo. Za jiko la kuni zisiguswe mpaka bomba la kutolea moshi liwekwe, kwa sababu moshi huo unaua.