Kamongo na Mtu Aliyemuuliza Swali

Sogeeni, wajukuu zangu wa Kasulu na Kibondo, niwasimulie habari za samaki mmoja na za mtu aliyemchunguza.

Maji ya kwetu mnajua yanakokwenda. Mito ya milimani huingia mto Malagarasi, na Malagarasi hupita kwenye ardhioevu pana kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo ya Malagarasi na Moyowosi, yenye hekta 3,250,000, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu duniani, na ilikuwa ya kwanza kutoka Tanzania. Basi huko Ziwa Tanganyika, na vilevile Ziwa Victoria, yuko samaki aitwaye kamongo. Wengine humwita kambare mamba.

Kamongo ana mapafu. Lazima apande juu avute hewa. Ukimzuia chini ya maji, anakufa maji, yeye samaki! Maji yakikauka anaweza kujifukia topeni, akajikunja mpaka mkia ukafunika macho, akatoa ute unaokauka na kuwa ganda mwili mzima. Mdomoni huacha tundu la kupumulia. Hapo hulala miezi, hali wala hanywi, akingoja mvua.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuja Afrika Mashariki Mmarekani mmoja, Homer Smith, mwalimu wa chuo kikuu kule New York. Kazi yake ilikuwa fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi. Alimtaka kamongo, na swali lake moja lilikuwa hili: huyu aliyelala kwenye tope kavu, taka za mwili wake zinakwenda wapi?

Hapa nisikilizeni vizuri. Mwili ukitumia protini hubaki amonia, ambayo ni sumu. Mnaijua harufu yake, ile kali ya banda la kuku lisilosafishwa. Samaki wengi huitoa kupitia matamvua, maji yakaichukua. Kamongo akiwa majini hufanya hivyo pia, lakini topeni hakuna maji ya kuichukua. Smith aliona kwamba mwili wake huigeuza amonia kuwa yurea, ambayo haina sumu kali, akaihifadhi mwilini hadi siku ya kuamka. Ndiyo yurea ileile ambayo wazazi wenu hununua mifukoni kukuzia mahindi, ingawa ile ya mfukoni hutengenezwa kiwandani. Nasi binadamu tunaitoa kwenye mkojo kila siku.

Smith aliandika matokeo yake katika makala iliyochapishwa mwaka 1930. Baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa figo za binadamu, akafa mwaka 1962. Lakini makala ya kamongo haikufa naye. Wanaochunguza usingizi wa samaki huyu bado humtaja Smith, kwa kuwa aliwatangulia. Huko ndiko kurejelewa: unaandika jambo, mwenzako akilitumia anakutaja kwa jina na mwaka. Ni adabu ya kazi, na pia ni njia ya msomaji kurudi nyuma ahakikishe mwenyewe.

Mmarekani mwingine, Eugene Garfield, alianza miaka ya 1960 kuchapisha faharasa ya nani kamtaja nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha mtafiti: idadi kubwa kabisa ya makala zake ambazo kila moja imerejelewa angalau mara idadi hiyohiyo. Tuseme mtu ana makala tano, zilizorejelewa mara 10, 6, 4, 4 na 1. Makala nne zimefikisha angalau marejeo manne, kwa hiyo alama yake ni 4. Akiandika mia zisizosomwa na yeyote, alama inabaki palepale.

Mimi kipimo hicho nakiheshimu, ila sikiabudu. Wanaochunguza saratani ni wengi, kwa hiyo hutajana sana. Wanaochunguza mapafu ya samaki ni wachache. Ukiwapima wote kwa mizani moja, unamwonea mtu wa samaki. Tena makala huweza kutajwa kwa ajili ya kupingwa!

Wala msidhani kazi hii ni ya wageni peke yao. Mwaka 1989 jarida la Nature lilichapisha habari za perege wadogo wa Ziwa Magadi, Kenya, wanaoishi katika maji makali ya magadi ambamo amonia haitoki kirahisi. Waandishi walionyesha kwamba samaki hao hutoa taka zao kama yurea, ingawa wamo majini maisha yao yote. Kati ya waandishi saba alikuwamo Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya. Jina lake limo pale, na kila anayeitaja makala hiyo anamtaja na yeye.

Samaki wa Malagarasi bado wana maswali mengi. Wapo wanaopanda mito mvua zikianza na wanaosalia kwenye madimbwi kiangazi kikikaza, na ninyi mnawaona kwa macho yenu kabla ya mtafiti yeyote kufika. Kwa hiyo shikeni daftari. Andikeni tarehe, mahali, hali ya maji, na mlichokiona samaki akikifanya, bila kuongeza chumvi. Kisha mpelekeeni mwalimu wenu wa sayansi, naye awaongoze kuuliza TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ambayo ina kituo chake Kigoma mjini.