Maktaba ndani ya kisanduku: namna shule zetu zinavyoweza kusoma bila kununua mega

Katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo, swali moja linarudi kila mara shule zinapofunguliwa. Vijana na walimu wanaomba kompyuta, wakisema watoto wetu wanabaki nyuma. Wazee wa kanisa na wazazi wanajibu: kompyuta ya nini mahali pasipo umeme, ambako mega moja inanunuliwa kwa shida na mwalimu anangojea mshahara wake? Pande zote mbili zina haki. Katika makala hii tunaeleza jambo ambalo parokia nyingi hazijalisikia vizuri: sehemu kubwa ya masomo mazuri yaliyo kwenye intaneti yanaweza kutumika darasani bila intaneti. Tunaeleza pia kwa nini chombo peke yake hakitoshi.

Kwa nini jambo hili ni la Kanisa

Tangu mapatano ya mwezi wa pili mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, jumuiya zetu zinasimamia shule nyingi za umma. Serikali inaweka programu ya masomo na inapaswa kulipa walimu. Kanisa linasimamia shule kila siku. Kwa hiyo mtoto akikaa miaka sita bila kushika kitabu, hatuwezi kusema ni jambo la Kinshasa peke yake.

Mwezi wa tisa mwaka 2019 Serikali ilianza kutimiza kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya lazima na bila malipo. Tulimshukuru Mungu, kwa sababu watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni. Lakini madarasa yalijaa kuliko madawati, na vitabu havikuongezeka kwa kipimo hicho. Katika shule nyingi mwalimu ndiye mwenye kitabu. Anaandika muhtasari ubaoni, watoto wananakili. Sayansi inafundishwa bila chumba cha majaribio. Kuna hata shule ambako somo la kompyuta linafundishwa kwa chaki: mwalimu anachora kibodi ubaoni, na mwanafunzi anajibu mtihani kuhusu chombo ambacho hajawahi kukigusa.

Intaneti bila intaneti

Watu wengi wanafikiri kwamba kusoma Wikipedia au masomo ya video kunadai kuunganishwa na mtandao wakati wote. Sivyo. Mwaka 2007 ilianzishwa programu inayoitwa Kiwix. Kazi yake ni kuchukua tovuti nzima, kuikaza iwe faili moja, na kuifungua baadaye bila mtandao. Faili inapakuliwa mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, kisha inanakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu au diski na kupelekwa kijijini. Msafiri anayetoka Bukavu, Kampala au Nairobi anaweza kuibeba mfukoni.

Ikifika shuleni, inawekwa ndani ya chombo kinachogawa. Wengi wanatumia kompyuta ndogo sana inayoitwa Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kukaa kiganjani, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Kisanduku hicho kinatoa Wi-Fi yake chenyewe. Mwalimu na wanafunzi wanaunganisha simu au tableti zao, wanafungua ukurasa wa kutafuta kama kawaida, na maktaba inaonekana. Hakuna mega inayokatwa, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya uwanja wa shule.

Si lazima kununua hata kisanduku hicho. Kompyuta ya zamani iliyo katika ofisi ya parokia inaweza kufanya kazi ileile. Hata simu ya Android yenye Kiwix inaweza kugawa vitabu vyake kwa simu nyingine zilizo karibu. Shule yenye simu moja nzuri na kadi ya kumbukumbu imekwisha kuwa na mwanzo wa maktaba.

Ni masomo gani yanapatikana

Wikipedia ya Kifaransa ina makala zaidi ya milioni 2, na pamoja na picha zake inajaza makumi ya gigabaiti. Ni nzuri kwa mwalimu na kwa mwanafunzi wa sekondari, lakini kwa mtoto wa msingi ni ngumu. Kwa huyo kuna Vikidia, kamusi elezo ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2006, iliyoandikwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Sentensi zake ni fupi. Walimu wengi watafurahi kuitumia kutayarisha somo.

Kwa watoto wanaoanza kusoma kuna African Storybook, mradi uliotoka Afrika ya Kusini, wenye hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hili lina uzito kwetu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha zetu za taifa katika mafundisho, na mtoto anayejua kusoma lugha anayoisikia nyumbani anaingia katika Kifaransa akiwa na msingi. Iko pia Wikipedia ya Kiswahili, ndogo kuliko ya Kifaransa, lakini inatosha kuanza nayo.

Kwa sayansi, Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani kina mradi unaoitwa PhET. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwenye Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni majaribio yanayofanyika kwenye kioo cha kompyuta: mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu, na kuona mkondo wa umeme unavyopita, au anapima asidi ya maji bila chupa hata moja. Yanapatikana kwa Kifaransa, na baadhi kwa Kiswahili, na yanafanya kazi bila mtandao. Si sawa na chumba cha majaribio cha kweli, lakini mwanafunzi anayajaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hisabati kuna Kolibri, programu iliyotengenezwa hasa kwa shule zisizo na intaneti. Ina video na mazoezi, na inamwonyesha mwalimu ni mwanafunzi gani amekwama na kwenye zoezi gani.

Je, kunakili vitu hivi ni wizi? Hapana. Wikipedia, Vikidia na hadithi za African Storybook zimetolewa kwa leseni huria: waandishi wenyewe wameruhusu watu kunakili na kugawa, mradi jina la aliyeandika libaki. Hii ni tofauti na kunakili kitabu cha dukani kwa siri. Shule ya Kanisa inapaswa kuonyesha mfano katika jambo hili.

Kuna pengo pia, na tuliseme wazi. Hakuna hata moja kati ya masomo haya iliyotungwa kwa kufuata programu ya Kongo. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa Egzetata hatayakuta yamepangwa kwa ajili yake. Lazima mwalimu akae na programu ya taifa upande mmoja na maktaba upande mwingine, aandike: wiki hii somo hili, ukurasa huu. Kazi hiyo ikifanywa na walimu wa shule tatu au nne pamoja, inawafaa wote.

Umeme

Kisanduku cha aina hii kinakula kama wati 5, yaani kama balbu ndogo. Kikifanya kazi saa 8, hakifikii hata nusu ya umeme ambao paneli ya jua ya wati 20 inatoa siku ya jua nzuri. Paneli ya wati 50 pamoja na betri ya volti 12 inatosha kwa kisanduku na kuchaji simu chache za darasa. Parokia nyingi zimekwisha kuwa na paneli kwa ajili ya vipaza sauti vya ibada ya Jumapili. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa paneli hizo zinapigwa na jua bure. Hapo pana jambo la kuzungumza kati ya kamati ya kanisa na mkuu wa shule.

Gharama inayosahauliwa ni ile ya baadaye. Betri inachoka, kadi inaharibika, simu inaanguka. Wafadhili wanapenda kununua vyombo. Ni wachache wanaonunua betri ya pili. Mradi usio na sanduku la matengenezo utaishia kabatini.

Mwalimu kwanza

Nchini Peru Serikali iligawa kompyuta zaidi ya milioni 1 kwa watoto wa shule. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba kompyuta hizo hazikuingizwa katika mafundisho, na masomo ya watoto hayakuwa bora. Vyombo vilifika, lakini njia ya kufundisha ilibaki ileile.

Sisi tunaosoma Biblia tusishangae. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, yule mkubwa wa Ethiopia alikuwa na kitabu cha nabii Isaya mikononi mwake, tena kitabu cha bei kubwa kwa wakati ule. Alikuwa akisoma. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Kitabu kilikuwepo; kilichokosekana ni mwalimu aliye tayari kupanda gari na kuketi karibu naye.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: parokia yenye pesa kidogo isianze na tableti za wanafunzi. Ianze na mwalimu. Mwalimu mwenye maktaba kwenye simu yake anatayarisha somo jioni, anachora ubaoni picha iliyo sahihi, anasoma hadithi mpya kwa watoto sitini kwa sauti. Watoto sitini wananufaika na simu moja. Na mwalimu huyohuyo asiachwe bila posho wakati kamati inasherehekea paneli mpya.

Tukumbuke pia kwamba chombo chenye nguvu si lazima kiwe kipya. Shule zilipofungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo yalipitishwa kwa redio, na Radio Okapi ilifika mahali ambako intaneti haijawahi kufika. Redio zetu za Kikristo zinaweza kufanya hivyo tena wakati wa vita barabara zinapofungwa.

Hatari za kuangalia

Wazazi wanaogopa picha chafu na uongo wa mitandao. Maktaba isiyounganishwa na intaneti inapunguza hofu hiyo, kwa sababu mtoto anakuta tu yale tuliyoweka ndani. Lakini Wikipedia inaandikwa na watu, na inaweza kukosea. Mwanafunzi afundishwe kulinganisha, kuuliza nani ameandika, na kutoamini kila kitu kwa sababu kimeonekana kwenye simu. Fundisho hilo litamsaidia pia wakati wa uvumi unaowasha chuki kati ya makabila.

Hatari ya pili ni wizi. Chumba kilichojaa kompyuta kinaita wezi na watu wenye silaha. Kisanduku kidogo kinafungwa usiku nyumbani kwa mtu mwaminifu, na nakala ya kadi inawekwa mahali pengine. Familia zinapokimbia, madawati na mbao zinabaki, lakini kadi yenye maktaba inaingia mfukoni. Mwalimu aliyehama anaweza kuendelea na watoto chini ya hema.

Kuna jambo jingine linalotuumiza moyo. Ndani ya simu na kompyuta hizi mna tantali, inayotoka katika koltani, na sehemu ya koltani ya dunia inachimbwa Rubaya, katika eneo la Masisi. Ardhi yetu inatoa kitu kinachowezesha watoto wa mbali kusoma, na watoto wa Masisi wanakosa kitabu. Hatusemi hili ili tununue simu kwa hasira. Tunalisema ili yeyote anayesema teknolojia si ya watu wa kijiji ajue kwamba watu wa kijiji wamekwisha kuilipia.

Parokia ianze wapi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakubwa wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, na pamoja na shule, maktaba nzuri. Aliwashauri wasikusanye kila kitabu, bali wachague vilivyo bora. Shauri hilo linatufaa leo. Hatua zetu ni nne.

Kwanza, walimu waseme ni masomo gani yanawashinda zaidi. Tusinunue kitu kabla ya kuwasikia. Pili, kijana mmoja wa parokia anayejua simu vizuri apakue Kiwix na Vikidia, aziweke kwenye simu za walimu watatu. Tatu, baada ya miezi mitatu walimu hao watoe habari mbele ya kamati ya wazazi: walitumia nini, watoto walipata nini. Nne, kama matunda yanaonekana, ndipo sadaka maalumu ichangwe kwa ajili ya kisanduku, betri na sanduku la matengenezo, na hesabu isomwe hadharani kanisani.

Maktaba hiyo iwe wazi pia kwa wasio wanafunzi: wamama wanaojifunza kusoma, wahubiri wanaotaka kamusi, vijana walioacha shule kwa sababu ya vita. Jengo la kanisa linakaa tupu siku nyingi za juma. Mlango wake ukifunguliwa Jumatano mchana kwa mtoto anayetafuta kujua moyo unavyosukuma damu, hiyo nayo ni huduma.

Bwana awape nguvu walimu wetu wanaofundisha kwa njaa na kwa hofu, na atupe sisi tuliokabidhiwa shule hizi moyo wa kuwasaidia kwa vitendo.