Siki, darubini au DNA: kipimo kipi cha saratani ya shingo ya kizazi kinaaminika?

Mji wa Guangzhou ulioko kusini mwa China unafahamika sana kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, na katika mtaa wa Xiaobei si ajabu kusikia Kiswahili kati ya watu wanaotafuta nguo, vipuri na simu. Lakini mkoa wa Guangdong, ambao Guangzhou ni mji mkuu wake, una habari nyingine inayowahusu akina mama wa kwetu. Mwaka 2022 mkoa huo ulianza kuwapa bure chanjo ya HPV wasichana walio chini ya miaka 14 wanaoingia sekondari. Kwa mama zao, waliokwisha kupitwa na umri huo, tegemeo kubwa ni kupimwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani WHO, mwaka 2022 saratani hiyo iliua wanawake wapatao laki 3 na nusu, na 94 kati ya kila 100 walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hivyo mwanamke anapoambiwa "uko salama", tunadhani ana haki ya kuuliza amepimwa kwa njia gani.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni siki: muuguzi hupaka asidi hafifu ya siki kwenye shingo ya kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ya pili ni kipimo cha Pap, ambapo seli hukaguliwa kwa darubini na mtaalamu, na wataalamu hao ni wachache mno katika hospitali zetu. Ya tatu ni kutafuta DNA ya virusi vya HPV, ambavyo husababisha karibu saratani zote za aina hiyo.

Mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China, ulitoa somo kubwa. Katika utafiti wa mwaka 1999 siki iligundua wagonjwa 71 kati ya kila 100 wenye mabadiliko hatari ya seli. Mwaka 2007, katika mkoa huohuo, walipimwa wanawake 2,388 ambao 70 kati yao walikuwa na mabadiliko hayo. Siki iliwaona 29 tu. Kipimo cha DNA kiitwacho careHPV, kilichobuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara kubwa, kiliwaona 63. Siki ni ileile, ila matokeo yake yanategemea jicho la anayetazama. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu inayopaswa kutazamwa huwa imerudi ndani.

Hata hivyo DNA nayo ina kasoro yake. Katika utafiti huo wa 2007 iliwatia wasiwasi takriban wanawake 16 kati ya kila 100 wasio na tatizo, wakati siki ilifanya hivyo kwa wasiozidi 6. Kuwa na virusi si kuwa na saratani, kwani mara nyingi mwili huviondoa wenyewe.

Lipo pia suala la nauli. Anayepimwa kwa siki hupata jibu papo hapo, na penye vifaa hutibiwa siku hiyohiyo. Jibu la DNA likichelewa wiki kadhaa, mama aliyetoka mbali huenda asirudi, na usahihi wote wa kipimo unakuwa bure. Ndiyo maana tunaona si haki kuzibeza zahanati za Tanzania na Kenya zinazotumia siki. Faraja ni kwamba kwa DNA mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Utafiti mkubwa uliofanyika Shenzhen, mkoani Guangdong, yapata mwaka 2010, ulionesha kuwa kwa mashine zinazofaa sampuli hizo hukaribia sana zile za daktari.

Mwaka 2021 WHO ilipendekeza DNA iwe kipimo cha kwanza kuanzia umri wa miaka 30, na kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25 na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Aliyepimwa kwa siki au Pap arudi baada ya miaka 3. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje tarehe hizo, bali aende hospitali sasa.