Papa wa Abbey Wood



Jumapili moja mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 9, alirejea hapa Stratford na jino la kijivu, jembamba, lenye ncha kali. Akaniuliza habari zake kwa Kiingereza, kwani Kiswahili anakisikia lakini hakisemi.

Lilikuwa ni jino la papa aitwaye Striatolamia, aliyekwisha kutoweka duniani. Walilipata kwa kuchekecha mchanga katika msitu wa Lesnes Abbey, huko Abbey Wood, kusini ya mto Thames, ambako pametengwa mahali pa kutafutia visukuku. Mchanga ule ulitua pale yapata miaka milioni 54 iliyopita, bahari yenye joto ilipoifunika sehemu hii ya Uingereza. Upande wa ndani jino hilo lina mistari myembamba, ukipitisha ukucha waihisi.

"Mbona jino tu? Mifupa yake iko wapi?"

Nami, mwalimu wa miaka mingi, nikainuka kutafuta kitabu. Bibi yake akajibu kutoka jikoni, kwa Kiswahili: "Papa hana mifupa, mwanangu."

Amepasua papa wengi huko Unguja. Anajua kwamba kiunzi chake ni gegedu tupu, nalo mara nyingi huoza lisibakie kitu. Meno ndiyo magumu, tena hung'oka na kuota mengine maisha yote, hata papa mmoja akaangusha maelfu. Wataalamu wa Ulaya walibishana sana kuhusu mawe ya namna hii, wengine wakidhani ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe. Mwaka 1667 Nicolaus Steno, tabibu wa Kidenmaki aliyekuwa Florence, aliandika kuwa yanafanana kabisa na meno ya papa, baada ya kupasua kichwa cha papa mkubwa. (Wavuvi wetu wa Malindi wangalimpunguzia kazi.)

Mtoto alibaki jikoni hadi magharibi, akiuliza namna papa anavyotiwa chumvi na kuanikwa. Maneno mengine alilazimika kuyatamka kwa Kiswahili, maana bibi hakumwelewa vinginevyo.

Atakaye kwenda na apande treni ya Elizabeth hapa Stratford, abadilishe Whitechapel, ateremke Abbey Wood. Achukue chekecheo, na aulize kwanza masharti ya kuchimba. Sisi twaenda tena Jumamosi. Bibi ameuliza kama pana mahali pa kukaa.