Mgeni wa London: Siku ya Tatu Mpeni Kadi na Ufunguo



Ndugu wasomaji, kila msimu wa likizo unapokaribia, nyumba nyingi za jamii yetu hapa London hujitayarisha kupokea wageni kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Muskat na Dubai. Aghalabu wageni hao ni wazee wetu: mama anayekuja kumwona mjukuu, au baba aliyezisikia habari za mji huu tangu utotoni. Safari ya namna hii si jambo jipya kwetu. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Zanzibar, aliuzuru mji huu na kupokewa kwa heshima kubwa. Lakini Sayyid alikuwa na wakalimani na wenyeji wa kumwongoza kila alipokwenda. Mama zetu hawana hao. Wana sisi tu, nasi asubuhi tunakwenda kazini.

Matokeo yake tunayaona kila mwaka. Mgeni hukaa wiki sita ghorofani akiitazama mvua dirishani, akingoja Jumamosi mwanawe apate nafasi ya kumtoa. Kisha hurejea kwao na sanduku lililojaa zawadi na moyo mzito, na wala hasemi, kwa kuchelea kutuudhi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twasema kwamba hapa London jembe lenyewe ni kadi ya basi na ufunguo wa nyumba. Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo mgeni akiyajua mapema, ataweza kutoka peke yake na kurudi salama.

KABLA YA SAFARI

La kwanza ni hati. Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya huhitaji viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa muda usiozidi miezi 6. Mwenye pasipoti ya Oman, tangu Februari 2024, huomba kibali cha safari kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka. Maombi yapelekwe moja kwa moja kwa serikali ya Uingereza, kwani wapo madalali wanaotoza maradufu kwa kazi ambayo kijana yeyote wa nyumbani angeweza kuifanya.

La pili ni bima, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Wengi hudhani kwamba matibabu ya Uingereza ni bure kwa kila mtu. Sivyo. Mgeni aliyepatwa na dharura huhudumiwa bure katika chumba cha dharura, lakini akishalazwa wodini, kwa kawaida hospitali ya serikali humtoza asilimia 150 ya gharama zake. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa kwa miezi miwili huweza kuwa sababu ya kunyimwa viza siku za usoni. Basi bima ikatwe kabla ya kuondoka, na maradhi ya zamani, kama vile kisukari na shinikizo la damu, yatajwe bila ya kufichwa, maana bima haitalipia kilichofichwa. Dawa ziwe katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

La tatu ni mizigo na fedha. Nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa, hata viwe vimepikwa kwa mapenzi ya namna gani. Mirungi imepigwa marufuku tangu mwaka 2014. Basi mgeni akiombwa kumpelekea mtu kifurushi, asikipokee kabla ya kukifungua na kukiona kilichomo. Wapo pia wazee waliohifadhi pauni za safari za zamani. Noti za karatasi za Benki Kuu ya Uingereza hazipokewi tena madukani. Za mwisho, zile za pauni 20 na 50, ziliondolewa mwisho wa Septemba 2022. Hata hivyo fedha hizo hazikupotea, kwani Benki Kuu yenyewe, iliyopo Threadneedle Street, bado huzibadilisha.

KUTOKA UWANJA WA NDEGE

Mzee mwenye magoti dhaifu aombewe kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari. Kutoka Heathrow, treni ya mstari wa Piccadilly ndiyo ya bei nafuu, nayo huchukua karibu saa moja kufika katikati ya mji. Mstari wa Elizabeth, uliofunguliwa mwaka 2022, ni ghali zaidi, lakini ni wa haraka, na katika vituo vyake vyote abiria aweza kufika jukwaani bila ya kupanda ngazi. Kwa mzee mwenye masanduku mawili, fedha hiyo haikupotea.

Ama teksi, ni zile za kituo rasmi tu zinazoruhusiwa kuchukua abiria bila ya kuagizwa. Mtu anayekusogelea ndani ya ukumbi na kukunong'oneza habari za gari lake, asifuatwe.

BASI KWANZA, TRENI BAADAYE

Treni ya chini ya ardhi ya mji huu ilianza mwaka 1863, nayo ndiyo ya kwanza duniani. Ina haraka, lakini mgeni aliyemo ndani yake haoni ila ukuta mweusi. Basi humwonyesha alipo, na kidogo kidogo mji humwingia akilini. Kwa hiyo twashauri aanze na basi.

Basi za London hazipokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Abiria huigusisha kadi yake ya Oyster, au ya benki, mara moja tu anapopanda. Mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu kugusa kwa mara ya kwanza, mtu aweza kupanda basi nyingine bila ya kulipa tena. Jambo hili lina faida kubwa kwa mgeni: akipanda basi isiyo yake hana haja ya kuhamaki. Ashuke, avuke barabara, arudi alikotoka, wala hatatozwa zaidi. Watoto wasiotimia miaka 11 hawalipi.

Katika treni kadi huguswa mara mbili, kuingia na kutoka, nayo iwe ni ile ile. Anayesahau kuigusa wakati wa kutoka hutozwa nauli ya juu kabisa. Kila mmoja awe na yake. Mume na mke hawashirikiani kadi moja. Na katika ngazi za umeme, anayesimama husimama upande wa kulia ili wenye haraka wapite kushoto.

NJIANI NA WATU

Magari hupita kushoto kama Afrika Mashariki. Wageni kutoka Oman na Dubai ndio wa kuhadhari zaidi, wakianza daima kutazama kulia. Simu isishikwe wazi ukingoni mwa njia, kwani wezi wa baiskeli huinyakua na kutoweka.

Mgeni asihuzunike kwamba watu hawamsalimu. Katika mji wa mamilioni ya watu, kunyamaza si dharau. Ukimsimamisha mtu kwa upole na kumwonyesha anwani iliyoandikwa, aghalabu atakusaidia. Tuhadhari pia na saa. Mgeni akiambiwa kwa Kiswahili "saa tatu", na kibao cha kituo kikiandika 3, pana saa sita kati ya hizo mbili. Miadi yote iandikwe kwa tarakimu za hapa.

SALA NA CHAKULA

Aliyezoea Unguja huelekea kaskazini anaposali, na aliyezoea Muskat huelekea magharibi. Hapa kibla ni kusini mashariki. Mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa 3 na dakika 20 usiku, na Desemba huchwa kabla ya saa 10 za alasiri. Basi mgeni asitegemee mazoea ya nyumbani, bali achukue ratiba ya msikiti wa jirani. Kuhusu Isha ya kiangazi, misikiti hutofautiana. Msikiti Mkuu wa Regent's Park, na ule wa East London ulioko Whitechapel Road, hufikika kwa basi. Kwa akina mama, iulizwe kwanza kama msikiti mdogo wa mtaani una nafasi yao, kwani si yote iliyo nayo.

Nyama ya halali hupatikana kwa wingi Edgware Road, Whitechapel na Southall. Katika mikahawa yenye matawi mengi, tawi moja huweza kuuza halali na jingine lisiuze. Kuuliza si aibu.

MATEMBEZI YASIYO NA KIINGILIO

British Museum, Natural History Museum na Science Museum hazitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Katika British Library, karibu na kituo cha King's Cross, kuna ukumbi wa hazina, nao pia hauna malipo. Na wajukuu waelezwe kwamba chuo cha SOAS, kilichopo Russell Square, kimehifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mji huu una kitu chetu ndani yake.

SIKU TATU ZA MAFUNZO

Siku ya kwanza mgeni apumzike, kisha atembezwe hadi dukani na kurudi. Siku ya pili apandishwe basi hadi msikitini au sokoni, kadi aiguse mwenyewe, na jina la kituo cha kushukia alisome mwenyewe. Siku ya tatu yeye atangulie na sisi tufuate nyuma, tukinyamaza hata akikosea, mpaka aigundue njia. Mfukoni awe na karatasi yenye anwani, nambari ya basi, jina la kituo na simu zetu. Ajue pia nambari 999 kwa hatari, na 111 kwa ushauri wa afya usio wa dharura. Kisha akabidhiwe ufunguo.

Twajua ni vigumu kumwachia mama aende peke yake katika mji mkubwa. Lakini mama huyo ndiye aliyetushika mkono tukajifunza njia ya chuoni, kisha siku moja akatuachia. Tumrejeshee wema ule ule.